Nimeondoka, Niko Mtaa wa Pili

Aprili 3

Leo nimeondoka Ulaanbaatar kwenda Seoul. Naandika haya nikiwa Ulaanbaatar, kwenye kochi la rafiki yangu Chimgee, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwetu. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu, kumi na mbili kukiwa na upepo. Ndege yangu ni ya tarehe 24.

Kazi hii ameifanya mama mkwe wangu, Dulamsuren, mwenye miaka themanini na mmoja. Wiki iliyopita alikwenda kwa lama, mtawa wa Kibudha anayesoma nyota, kuniulizia siku njema ya kutoka, akarudi na jibu: Aprili 3, kabla ya saa tano asubuhi, kuelekea kusini-mashariki. Nikamwambia tiketi inasema tarehe 24. Akanijibu kwamba tiketi ni ya ndege, siku ni ya mtu. Dawa ya jambo hili kila mtu anaijua. Siku njema ikitangulia, unatoka nyumbani siku hiyo hiyo na begi lako, unalala kwa mtu, na safari inahesabiwa imeanza. Ila ukishatoka hurudi kukanyaga kizingiti chako mpaka ufike ulikokuwa unakwenda. Ukirudi, umeikata safari kwa mguu wako mwenyewe. Watu hutangulia siku moja, mbili, hata tano. Sijasikia aliyetangulia siku ishirini na moja.

Sikubishana, nimechoka kubishana. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, nimeishi na Dulamsuren miaka ishirini na minane. Mito nimeiona ikihama, yeye sijamwona. Alinimiminia chai, nikanywa nusu, bakuli akaliweka rafuni bila kuliosha, kama anavyomfanyia kila anayesafiri kutoka nyumba ile, mpaka arudi. Nilipofika chini akatokea dirishani na kile kijiko chake cha mbao chenye matundu tisa, akarusha maziwa nyuma yangu, baraka ya safari. Majirani wakaniaga. Nikavuka uwanja nikiburuta begi, naona aibu kama mtu aliyefukuzwa.

Aprili 4

Nimekutana sokoni na jirani wa ghorofa ya pili aliyeniaga jana. Ameniuliza kama Seoul kuna baridi.

Aprili 5

Niandike sababu ya safari, maana nikiiacha moyoni inanichoma.

Binti yangu Enkhjin anajifungua mwanzoni mwa Mei. Ameolewa huko Seoul, mumewe anashinda kiwandani. Huu si ujauzito wake wa kwanza. Mwaka juzi, mwezi wa saba wa ule wa kwanza, alinipigia simu akasema mama, mtoto hachezi sawasawa, njoo. Nikapata nafasi kwenye ndege ya keshokutwa. Dulamsuren akasema ameuliza kwa lama, siku zote tisa zinazofuata ni mbaya, nisitoke, nitampelekea mtoto mkosi. Nilimsikiliza. Siku ya sita Enkhjin alijifungua mtoto asiye na uhai, peke yake na wauguzi ambao lugha yao alikuwa bado anajifunza.

Kutoka hapa hadi Seoul ni kilomita elfu mbili hivi. Darasani nilikuwa nawapa watoto uzi, wanaulaza juu ya tufe kutoka mji hadi mji, kisha wanaupima kwa rula. Ndege inachukua saa tatu na dakika kumi. Kwenye tiketi inaonekana saa nne na dakika kumi, lakini ile saa moja ya ziada ni tofauti ya majira tu. Saa tatu na dakika kumi, na mimi nilishindwa kufika kwa siku sita. Sijamsamehe Dulamsuren. Tunakula pamoja, namkata kucha za miguu, na sijamsamehe.

Aprili 7

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chimgee hana shamba, kwa hiyo kanipa kisu na viazi. Zamani alikuwa kondakta wa basi la umeme, na mpaka leo hawezi kuona mtu amesimama katikati ya chumba bila kumwambia asogee nyuma.

Aprili 9

Nimefanya upumbavu. Pasipoti nimeiacha nyumbani, kwenye sanduku la rangi ya machungwa chini ya nguo za sikukuu. Nguo za mtoto nimepakia, jibini kavu nimepakia, hata kamba ya kuanikia nguo. Pasipoti, hapana. Kurudi mwenyewe kuichukua siwezi.

Nimempigia simu shemeji yangu Purevdorj, mdogo wake marehemu mume wangu. Anaendesha lori la makaa ya mawe, na amehamia pale nyumbani kumwangalia mama yake mpaka nirudi. Nilimwambia ailete jioni. Amekuja baada ya saa nzima, saa nne asubuhi, wakati ambao lori lake linapaswa kuwa njiani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amechukua likizo. Purevdorj hajachukua likizo tangu nimjue. Hakuketi, hakunywa chai, alisimama mlangoni akizungusha kofia yake. Nikamuuliza mama hajambo, akasema anakusalimu.

Chimgee amesema yule ana mwanamke mahali.

Aprili 12

Upepo. Siku nzima mchanga unagonga vioo. Tumeweka vitambaa vyenye maji kwenye nyufa za dirisha na bado chai ina vumbi.

Aprili 13

Upepo.

Aprili 15

Siku kumi na mbili sasa, na mama mkwe wangu hajaja hata mara moja. Mimi ndiye niliyezuiwa kukanyaga kwake, yeye hajazuiwa kukanyaga kwa Chimgee. Mwezi wa kwanza alikuwa bado anakwenda sokoni na kurudi na mfuko wa unga. Nikimpigia simu anajibu maneno matatu manne kwa sauti ya chini, kisha anasema ana kazi. Kazi gani? Leo nilimuuliza kama anakula vizuri, akasema nishughulike na safari yangu.

Nimemwambia Chimgee kwamba ajuza amepata alichokitaka, nyumba yake na mwanawe, bila mimi. Chimgee akasema mbona miaka yote hakuitaka. Nikasema labda alikuwa anangoja nizeeke. Tulicheka, lakini mimi nilimaanisha.

Aprili 18

Nimepita chini ya nyumba yetu nikitoka kununua mkate. Sikupotea njia, nilikwenda makusudi. Uwanja haumo katika marufuku, nilijiambia, marufuku ni kizingiti. Pazia la chumba cha Dulamsuren lilikuwa limefungwa saa saba mchana. Maua yake ya dirishani yamenyauka, yeye ambaye huyamwagilia kabla hajanawa uso. Nimemhukumu Purevdorj kwa uvivu, nikaondoka.

Enkhjin amepiga simu. Miguu imevimba. Ameniuliza mara mbili, kwa namna ya mzaha, "Mama, safari hii unakuja kweli?" Nikamwambia nimeshatoka nyumbani. Akasema najua, umefika mtaa wa pili. Tukacheka wote wawili, halafu akalia kidogo, nami nikamwacha alie.

Aprili 21

Viazi.

Aprili 24

Tuliamka mapema, Chimgee akanitilia maziwa bakulini, nikanywa nusu. Uwanja wa ndege uko mbali na mji, saa nzima na zaidi. Purevdorj alinipeleka kwa gari la kuazima, kimya njia nzima. Tulipovuka kilima cha mwisho hatukuona bonde, tuliona ukuta wa rangi ya kahawia umesimama kutoka ardhini hadi juu, na gari likaanza kutikisika.

Tulikaa ndani ya jengo la uwanja saa tisa nzima. Ndege yetu ilikuwa pale nje, mkia wake nikiuona na kutouona. Kwanza walisema saa mbili zaidi, kisha nne, kisha wakaacha kusema. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kuruka. Nikamwambia mimi niko safarini siku ya ishirini na moja. Alinitazama kwa huruma, akanipa biskuti.

Safari imefutwa. Wametuandikia ya tarehe 27, saa nne asubuhi. Nikamwambia Purevdorj basi nirudishe kwa Chimgee. Hakuwasha gari. Alikaa ameshika usukani, midomo inacheza, nikadhani atasema kitu. Halafu akawasha.

Aprili 25

Upepo. Daktari wa Enkhjin amesema mtoto ameshuka, huenda akaja mapema.

Aprili 26

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana kesho sitakumbuka nani alisema nini.

Purevdorj alikuja saa tatu asubuhi. Safari hii aliketi. Chimgee akamwekea chai, akaitazama mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Shemeji, mama amenikataza kukwambia. Lakini kama kesho upepo utakuwa huu huu, sijui kama yeye ataifikia keshokutwa."

Dulamsuren ana uvimbe kwenye ini. Walimwambia hospitali mwezi wa pili. Alikwenda peke yake kwa basi, akasema anakwenda kumsalimu mwenzake wa kiwanda cha sufu. Mwishoni mwa mwezi wa tatu maumivu yakaanza kumkamata waziwazi. Siku nilipomkuta amekaa sakafuni jikoni akasema anatafuta kifungo cha nguo, hakukuwa na kifungo. Nami niliinama nikamsaidia kukitafuta.

Nikamuuliza Purevdorj kuhusu lama. Akasema lama alitoa siku tatu, tarehe 3, tarehe 15 na tarehe 23. Mama akachagua ya kwanza. Alimwambia hivi mwanawe juu yangu: Norjmaa akikaa humu wiki tatu ataona, na akiona hatakwenda. Nikimtoa sasa, desturi itamshika asirudi.

Chimgee aliniambia nivae koti. Sikuvaa. Zile dakika kumi sijui nilizitembea kwa ngapi. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikasukuma mlango, umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni, kigoda, kisha pumzi ya mtu aliyeketi nyuma ya mlango.

"Purevdorj ana mdomo mpana," akasema.

"Fungua, mama."

"Sifungui. Ukikanyaga hapa umekata safari."

"Basi imekatika. Naingia nikupikie, habari za safari tuziache."

"Na mtoto wako umwambie nini? Safari hii umwambie nini?"

Niliegemea mlango. Ulinukia rangi mpya, Purevdorj ameupaka nilipokuwa sipo, na niliona uchungu kwa jambo dogo hilo, kwamba mlango wangu umebadilika rangi na sijaulizwa.

Nikamsikia akisogeza kigoda karibu na mlango. Kisha akasema yale aliyoyasema, na ninayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza.

"Mwaka juzi sikwenda kwa lama. Nilikwenda hadi kituo cha basi, nikakaa kwenye benchi, mabasi matatu yakapita, nikarudi. Siku hazikuwa mbaya. Nilikuwa naogopa ukienda utabakia huko, mimi nitabaki na kuta. Zile siku tisa nilizitunga njiani."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni si huruma. Ni hasira, hasira ya kutaka kuuvunja ule mlango ili nimshike mabega nimtikise. Siku tisa, kazitunga njiani, labda akizihesabu kwa vidole. Mwanangu alizaa maiti peke yake kwa sababu ya benchi la kituo cha basi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa sauti, ngazi nzima ikasikia, na jirani wa ghorofa ya pili akafungua mlango wake kisha akaufunga taratibu.

Dulamsuren hakujitetea. Alisema, "Ndiyo." Kisha, "Ndiyo maana sifungui."

Tulikaa hivyo, yeye kwenye kigoda upande wake, mimi kwenye ngazi upande wangu, sijui saa ngapi. Hasira ilikwisha kama mkate unavyokwisha, huku mtu anaona. Nikamuuliza maumivu yako wapi. Akasema yako mahali pake. Nikamuuliza nani anamkata kucha. Akasema Purevdorj alijaribu, akamkata nyama, sasa anaziacha. Nilicheka na kulia pamoja, na yeye nikamsikia anacheka, kisha anakohoa.

Nikamwambia, "Mama, nikienda sitakukuta."

"Huenda. Na usipokwenda utanikuta, halafu? Utanikalia hapa kwa chuki mpaka nife? Nimechoka, mwanangu. Nenda ukamshike mkono yule. Mimi nimeshashikwa sana."

Miaka ishirini na minane hakuwahi kuniita mwanangu.

Nimerudi kwa Chimgee. Ameniwekea supu mbele, akaniambia kawia ufike, kisha akageuka kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Aprili 27

Anga safi, kana kwamba jana ilikuwa ya mji mwingine. Nilimwomba Purevdorj apitie uwanjani kwetu. Nilishuka na kusimama chini ya dirisha. Pazia lilikuwa wazi. Purevdorj alipanda akamshika mama yake kiunoni, nami nikamwona, mdogo kuliko nilivyomwacha, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Kijiko kilimtetemeka mkononi. Maziwa hayakufika nyuma yangu, yaliniangukia usoni na kwenye koti. Sikuyafuta.

Ndege ilichukua saa tatu na dakika tano. Upepo ulikuwa nyuma yetu. Nilikaa dirishani na sikuangalia nje hata mara moja, mimi mwalimu wa jiografia. Nilihesabu dakika kwa saa ya mkononi na nilichokuwa nikifikiri ni kucha.

Mei 1

Mvua nyembamba. Miguu ya Enkhjin naikanda asubuhi na jioni. Sijamwambia habari za bibi yake, wala za benchi.

Mei 3

Msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili. Amelia hata kabla hajatoka vizuri. Enkhjin alinishika mkono mpaka pete ikaacha alama, na hakuuachia hata walipompa mtoto.

Nilimpigia Purevdorj, akaweka simu sikioni kwa mama yake, nami nikaiweka yangu mdomoni kwa mtoto. Mtoto alipiga chafya. Dulamsuren akauliza, "Ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

Mei 9

Kila siku namuuliza mama mkwe wangu nirudi lini. Anasema ataniulizia siku njema kwa lama. Jana alisema lama hayupo. Leo amesema lama anaumwa. Sauti yake sasa inachukua muda kufika, utadhani inatembea zile kilomita elfu mbili kwa miguu.

Mei 13

Nimemwambia Enkhjin yote, na benchi nimelisema. Alimnyonyesha mtoto hadi mwisho bila kuinua kichwa. Nilidhani atasema maneno makali, ana haki nayo. Alisema, "Saa niliyokuhitaji ulikuwepo, mama. Na mume wangu amepata likizo." Kisha akachukua simu yangu akaninunulia tiketi ya Alhamisi. Akamvua mtoto soksi moja, ambayo haijafuliwa, akaitia kwenye mfuko wa koti langu.

Mei 16

Saa tatu na dakika arobaini. Kurudi upepo huwa mbele.

Purevdorj alinipokea, na safari hii alizungumza njia nzima, habari za lori, habari za dawa, kwamba mama hali tangu juzi ila anakunywa. Nilipanda ngazi peke yangu. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ulikuwa umerudishwa tu. Nikavuka kizingiti. Bakuli langu lilikuwa rafuni pale pale, halijaoshwa, chai imekauka ikaacha duara.

Alikuwa macho. Nilimwekea ile soksi kwenye kiganja, akaifumbata, akainusa. Kisha akanitazama kwa lile jicho lake la kunihoji, la miaka yote.

"Nani kakwambia leo ni siku njema?"

Nikamwambia sijamuuliza mtu.

Nje upepo ulikuwa umeanza tena kusukuma vioo. Nilivua koti, nikatafuta mkasi wa kucha ndani ya kopo lake, nikakaa miguuni pake.

"Haya," akasema. "Kafunge mlango kwanza, vumbi linaingia."